Anapozidiwa na unga: namna ya kumrudishia mtu pumzi kabla ya kufika hospitali

Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu wa Unguja na Pemba wanaoishi nyumba moja na mtu anayekula unga, yaani heroini, na kwa wenzake wa maskani, kwa sababu hao ndio huwapo pale anapozidiwa. Saa hiyo daktari hayupo, wala sheha hayupo. Aliyepo ni mama, mke, mdogo mtu, au rafiki waliyekuwa wamekaa pamoja gofuni. Wengi huamini kwamba mtu akizidiwa ameshakwisha, na kwamba lililobaki ni kumlakinia shahada. Imani hiyo si sahihi, na imepoteza roho nyingi zilizokuwa bado zinaokoleka. Heroini humpunguzia mtu pumzi taratibu. Baina ya kuitumia na kufa mara nyingi hupita saa nzima, na pengine hata saa tatu, na katika muda huo mtu wa kawaida, asiye na cheti wala dawa mkononi, anaweza kumweka hai kwa kumpulizia hewa mdomoni.

Ni vyema kwanza kuelewa kinachomuua. Heroini, morfini, tramadoli, methadoni na fentanili zote ni dawa za jamii ya afyuni, na zote hugusa sehemu ile ile ya chini ya ubongo inayoamrisha mapafu yapumue bila ya sisi kufikiri. Kwa kawaida hewa chafu ikikusanyika katika damu, sehemu hiyo huhisi na kukulazimisha kuvuta pumzi. Dawa ikizidi, sehemu hiyo hulala. Mtu hahisi kukosa hewa, hapigi kelele, hahangaiki. Husinzia tu, pumzi zikawa chache, kisha zikasita. Moyo huendelea kupiga kwa muda baada ya pumzi kusimama, lakini ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika zipatazo nne. Ndiyo maana hatua zote zinazofuata zinarudi kwenye jambo moja, nalo ni hewa kuingia mapafuni. Polisi, lawama na aibu ya majirani ni mambo ya baadaye.

Balaa hili halikuanzia kwetu wala haliishii kwetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao 600,000 walikufa duniani kwa sababu zinazohusiana na dawa za kulevya, na karibu asilimia 80 ya vifo hivyo vilihusu dawa za jamii ya afyuni. Marekani, ambako janga lilianza kwa vidonge vya maumivu vilivyoandikwa na madaktari katika miaka ya 1990, likahamia kwenye heroini na hatimaye kwenye fentanili, ilizika zaidi ya watu 100,000 kila mwaka kutoka 2021 hadi 2023 kwa sababu ya kuzidisha dawa za kulevya. Kwetu sisi njia ni nyingine. Heroini ya Afghanistan husafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ikashushwa katika mwambao wa Afrika Mashariki, na visiwa vyetu vimo katika njia hiyo. Sehemu yake hubakia hapa, hukatwakatwa na kuchanganywa, na kuuzwa kwa kete, yaani vifurushi vidogo, ambazo hakuna anayejua nguvu zake, hata yule anayeziuza.

Kumtambua aliyezidiwa

Mtu aliyelewa unga na mtu aliyezidiwa hufanana kwa mbali, na hapo ndipo watu hupotea. Aliyelewa huinamisha kichwa, husinzia, hujikuna, sauti yake huwa nzito, lakini ukimwita kwa nguvu huitika japo kwa neno moja. Aliyezidiwa haitiki. Mwite kwa jina lake karibu na sikio, mtikise mabega, kisha kunja ngumi na umsugue kwa nguvu katikati ya mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole. Kitendo hicho kinauma, na aliyelala usingizi wa kawaida atashtuka. Asiposhtuka, hesabu kwamba amezidiwa, na usingoje dalili nyingine ikamilike.

Halafu tazama pumzi. Weka shavu lako karibu na mdomo na pua yake huku macho yako yakiangalia kifua chake, na uhesabu kwa nusu dakika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukipata pumzi chini ya tano katika nusu dakika, au pumzi za kukata tamaa zinazokuja moja moja, huyo hapumui vya kutosha hata kama kifua kinatikisika. Mboni za macho huwa ndogo sana, zimebana kama ncha ya sindano. Kwa watu weusi usitafute uso kugeuka buluu kama vitabu vingi vinavyosema. Funua mdomo uangalie sehemu ya ndani ya midomo na ufizi, na uangalie kucha na viganja, ambavyo huwa vya kijivu au vya zambarau iliyopauka.

Dalili moja inahitaji maneno ya ziada, kwa sababu ndiyo inayowadanganya watu wa nyumbani kuliko zote. Aliyezidiwa mara nyingi hukoroma, na mkoromo wake ni mzito, wenye maji maji, unaosita kwa muda mrefu kisha ukarudi kwa ghafla. Mama aliyemsubiri mwanawe usiku kucha huusikia mkoromo huo kutoka chumbani, akashukuru kwamba leo angalau amelala, akamfunikia mlango ili asisumbuliwe. Mkoromo huo ni sauti ya koo linalozibwa na ulimi uliolegea. Ukimsikia mtu anayekula unga anakoroma kwa namna usiyoizoea, ingia umwamshe, hata kama atakasirika. Vivyo hivyo, akikaa chooni muda mrefu na haitiki, vunja mlango.

Piga kelele upate watu

Ukishajua kwamba haamki, ita watu kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Unahitaji mtu wa kutafuta gari, mtu wa kupiga simu hospitali iliyo karibu, na mtu wa kupokezana nawe kumpulizia, kwa kuwa kazi hiyo huchosha haraka. Wengi hapa hunyamaza kwa sababu jirani atajua. Jirani atajua kwa vyovyote, ama leo kwa kelele, ama kesho kwa jeneza. Ukiwa peke yako, paza sauti mara moja, weka simu yako kwenye spika karibu nawe, na uanze hatua inayofuata huku ukiendelea kuita.

Fungua koo, kisha mpulizie

Mlaze chali juu ya kitu kigumu. Sakafu ni bora kuliko kitanda, kwani godoro hunyumbuka na kichwa hakikai sawa. Toa chochote kilichomo mdomoni kinachoonekana, kama mabaki ya chakula au meno ya bandia yaliyolegea, lakini usichimbe kooni kwa kidole. Ikiwa ametapika, mgeuze kwanza ubavu matapishi yatoke, umfute, ndipo umrudishe chali.

Weka kiganja kimoja kwenye paji la uso na vidole viwili vya mkono wa pili chini ya mfupa wa kidevu, kisha inamisha kichwa nyuma na unyanyue kidevu juu. Kitendo hiki peke yake huondoa ulimi kooni, na wapo watu ambao pumzi zao hurudi hapo hapo. Zisiporudi, bana pua yake kwa kidole gumba na cha shahada, funika mdomo wake wote kwa mdomo wako, na upulize taratibu kwa muda wa sekunde moja, huku jicho lako likitazama kifua. Kifua kikinyanyuka, hewa imeingia. Kisiponyanyuka, kichwa hakijakaa vizuri. Kirudishe nyuma zaidi na ujaribu tena. Anza kwa pumzi mbili, kisha endelea kwa pumzi moja kila baada ya sekunde tano. Ili usiharakishe, hesabu polepole: moja, mbili, tatu, nne, puliza. Kupuliza kwa haraka au kwa nguvu nyingi hupeleka hewa tumboni, na tumbo likijaa atatapika.

Usikome mpaka apumue mwenyewe vya kutosha, au mpaka wenye ujuzi wampokee. Dakika 20 za kumpulizia mtu ni ndefu mno, na mabishano ya watu waliosimama pembeni huzifanya ndefu zaidi, lakini mtu ambaye moyo wake bado unapiga anaweza kuvushwa salama kwa pumzi zako mpaka nguvu za dawa zipungue. Wanaochukia kugusana midomo waweke kitambaa chepesi au kipande cha kanga baina yao. Na kwa wale wanaosita kwa sababu ya dini, mwanamke kumpulizia mwanamume asiye maharimu wake au kinyume chake, masheikh wetu hufundisha kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na aya ya 32 ya Suratul Maida imeweka kuokoa nafsi moja sawa na kuokoa watu wote.

Ikiwa hapumui kabisa, hana mapigo shingoni, na mwili hautikisiki hata baada ya kumpulizia, moyo umesimama. Hapo weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono, na ubonyeze kwa nguvu kifua kishuke kiasi cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya mibonyezo 30 mpulizie pumzi mbili. Usipoteze muda kutafuta mapigo zaidi ya sekunde kumi. Asiyezoea mara nyingi hujisikia mapigo ya vidole vyake mwenyewe.

Mambo yanayofanywa kwa nia njema na yanayoua

Maziwa ndiyo ya kwanza. Katika nyumba zetu maziwa hupewa kila aliyekula sumu, na aliyezidiwa na unga hutiliwa maziwa mdomoni huku ameshikwa kichwa. Unga uliovutwa au kudungwa haupo tumboni, hivyo maziwa hayana cha kuosha. Na mtu asiye na fahamu hawezi kumeza, basi hupaliwa, maziwa yakaingia mapafuni. Hukumu ni hiyo hiyo kwa maji ya ndimu, kahawa, uji, na maji ya zamzam. Ni hiyo hiyo pia kwa kombe. Baadhi ya familia, zikimwona kijana amekakamaa macho yamegeuka, hudhani amepandwa na shetani, wakamwita mwalimu amsomee na kumnywesha kombe. Kusoma hakumdhuru mgonjwa, na anayetaka kusoma asome akiwa pembeni. Kisipite kitu chochote cha maji maji mdomoni mwa mtu asiyeitika.

Kule maskani makosa ni ya aina nyingine. Kumdunga maji ya chumvi au maziwa kwenye mshipa hakuondoi heroini mwilini, kunapoteza dakika zile nne, na kunaweza kumuua kwa sababu nyingine. Kumdunga dawa nyingine ili eti achangamke kunaongeza mzigo juu ya mzigo. Kumwagia ndoo za maji baridi, kumpiga makofi mpaka avimbe, kumburuta atembee, kumbana sehemu za siri, yote hayo ni kujaribu kumwamsha, ilhali tatizo lake ni pumzi. Ukishamsugua kifua mara moja na hakuamka, maumivu zaidi hayana faida.

Kosa baya kuliko yote ni kumwacha. Wenzake humtoa ndani ya geto, wakamweka barazani kwa watu au karibu na geti la hospitali, wakakimbia. Hofu yao ninaielewa, kwa kuwa sheria ni kali na wengi wao wamewahi kukamatwa. Hata hivyo, kama huna budi kuondoka, mlaze ubavu kwanza kama inavyoelezwa hapa chini, mwite mtu mmoja kwa sauti, na umwambie kwamba huyu amezidiwa na unga na hapumui vizuri. Maneno hayo machache yanaweza kumpa daktari mwanga ambao angeutafuta kwa nusu saa.

Naloksoni

Ipo dawa inayozima nguvu ya afyuni mwilini, nayo ni naloksoni. Imekuwa ikitumika tangu mwaka 1971, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na tangu 2014 shirika hilo limependekeza kwamba watu wanaoelekea kushuhudia mwenzao akizidiwa, wakiwemo jamaa na watumiaji wenyewe, wafikishiwe dawa hiyo na wafundishwe kuitumia. Haileweshi, na mtu ambaye hakutumia afyuni haimdhuru. Marekani iliiruhusu iuzwe bila ya cheti cha daktari mwaka 2023, na mwaka uliofuata vifo vya kuzidisha dawa huko vilishuka hadi takriban 80,000. Sababu za mshuko huo ni zaidi ya moja, lakini wataalamu wengi wanaitaja naloksoni miongoni mwake. Kwa maoni yangu hakuna hoja ya kuifungia dawa hii kabatini mwa hospitali wakati wanaokufa wanafia majumbani, na kila familia yenye mgonjwa anayehudhuria kliniki ina haki ya kuiulizia.

Ukiwa nayo ya sindano, vuta kichupa kimoja cha miligramu 0.4 na umchome kwenye msuli, upande wa nje wa paja au juu ya mkono, hata kupitia nguo. Hutafuti mshipa. Ya kupuliza puani hutiwa tundu moja la pua, naye akiwa amelala chali. Endelea kumpulizia hewa huku ukingoja. Baada ya dakika mbili au tatu, ikiwa pumzi hazijarudi, mpe kipimo cha pili. Akiamka ataamka na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, anatetemeka, anatapika, pengine anatukana kwa kuwa umemharibia stimu. Usibishane naye. Mweleze kwa upole kwamba alikuwa hapumui, na umzuie kwa kila njia asitumie tena saa hiyo. Naloksoni hudumu baina ya dakika 30 na 90 tu, na heroini hudumu zaidi ya hapo. Ikiisha nguvu, anaweza kuzama tena bila ya kutumia chochote kipya, na akiongeza kete juu yake atazama zaidi.

Mlaze ubavu na umpeleke

Akianza kupumua mwenyewe, mgeuze alale ubavu, mkono wa chini umenyooka mbele, mkono wa juu umekunjwa chini ya shavu, na goti la juu limekunjwa ili asirudi chali wala kifudifudi. Kichwa kiinamishwe nyuma kidogo na mdomo uelekee chini, matapishi yakija yatoke.

Mpeleke kwa gari. Bodaboda ni ya haraka, lakini mtu aliyelegea akibanwa katikati ya wawili kichwa huangukia kifuani na koo likaziba, na nimesikia zaidi ya mara moja kwamba mgonjwa alipandishwa akiwa anapumua na akateremshwa hapumui. Ndani ya gari akae mtu mmoja ambaye kazi yake ni kushika kidevu na kutazama kifua tu. Kwa mjini Unguja, Mnazi Mmoja na Lumumba zinajulikana. Pemba kuna Chake Chake, Wete, na Abdalla Mzee kule Mkoani. Anayeishi Makunduchi, Nungwi au Micheweni apite kwanza kwenye kituo cha afya kilicho njiani ikiwa pumzi bado ni mbaya, kwa sababu oksijeni ya karibu ni bora kuliko bingwa wa mbali.

Mlangoni sema ukweli wote: alitumia nini, kwa kudunga au kuvuta, saa ngapi, kiasi gani, na kama alichanganya na pombe au vidonge vya usingizi. Aliyechanganya heroini na Valium au pombe yuko katika hatari kubwa zaidi, kwani vyote vinalaza ubongo, na naloksoni huondoa sehemu moja tu ya mzigo. Aliyekula tramadoli nyingi anaweza kupata degedege. Aliyekunywa methadoni anahitaji kuangaliwa siku nzima, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu. Mzazi anayesema mwanangu ameanguka tu ghafla, ili kuficha aibu, anamnyima daktari kitu cha pekee alichokihitaji.

Kama haiwezekani kabisa kufika hospitali, mfano usiku, bahari imechafuka nanyi mko kisiwani, mtu mmoja akae macho naye kwa saa kadhaa, akihesabu pumzi zake kila baada ya dakika chache, wala asimwache alale chali.

Siku zilizo na hatari kuliko nyingine

Watu hudhani anayekufa ni yule aliyetumia kwa wingi kwa miaka mingi bila ya kuacha. Mara nyingi ni yule aliyekuwa ameacha. Mwili uliozoea unga hustahimili kipimo ambacho kingemuua mgeni. Ukikaa bila unga hata wiki chache, ustahimilivu huo hupotea, lakini kumbukumbu ya kipimo cha zamani haipotei. Akirudi siku moja tu kwa kete zile zile, anazidiwa.

Kwa hiyo zipo siku ambazo familia inapaswa kuwa macho zaidi. Wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, ni za hatari sana. Hili limethibitishwa kwa wafungwa wa nchi nyingi. Ni hivyo pia siku za mwanzo baada ya kutoka soba hausi, yaani nyumba ya kuachia unga, au baada ya kulazwa hospitali kwa maradhi mengine. Wapo wazee wanaompeleka kijana shamba, au wakampandisha boti kwenda kwa jamaa Pemba ili atengane na wenzake, na akikaa miezi miwili humwona amenenepa, wakamrudisha mjini na kumpa nauli ya kuanzia maisha. Nia ni njema, lakini anarudi akiwa na mwili wa mtu mgeni kwa unga katika mtaa ule ule. Ramadhani nayo inastahili kutajwa waziwazi. Anayejitahidi kuacha au kupunguza mwezi mzima, kisha akakutana na wenzake siku za Sikukuu mfukoni mna pesa za kupewa, anapaswa kuambiwa mapema na mtu anayempenda kwamba kipimo chake cha Shaabani si kipimo chake cha Shawwal.

Mazungumzo ya namna hii huwapa wazazi tabu, kwa kuwa yanaonekana kama kumpa ruhusa. Si ruhusa. Mwambie unataka aache, na umwambie pia kwamba ikiwa atateleza asitumie peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, asichanganye na pombe wala vidonge, aanze kwa kiasi kidogo sana, na asichangie bomba la sindano na mtu. Hili la mwisho lina uzito wake hapa kwetu: uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwaka 2012 ulikuta virusi vya UKIMWI kwa zaidi ya mtu mmoja katika kila watu kumi wanaojidunga, wakati katika jamii kwa jumla kiwango hicho kilikuwa kando ya asilimia moja. Wanawake wanaotumia hujificha zaidi kuliko wanaume, hutumia ndani na peke yao kwa kuogopa kutengwa, hivyo wao ndio wanaokosa mtu wa kuwapulizia.

Nyumba ijiandae

Chagueni leo, si siku ya tukio, watu wawili wa nyumbani na jirani mmoja mwenye gari. Fanyeni mazoezi ya kuinamisha kichwa na kulaza ubavu juu ya mkeka, watoto wakubwa wakiwemo, kwani mara nyingi mtoto aliyerudi skuli ndiye humkuta kaka yake sakafuni. Andikeni nambari ya hospitali ya karibu na ya mwenye gari, mbandike ukutani. Ondoeni komeo la ndani la choo, au muwe na njia ya kulifungua kwa nje. Kama mgonjwa amepewa methadoni ya kuweka nyumbani, ifungiwe mbali na watoto, kwa sababu kipimo cha kila siku cha mtu mzima kinaweza kumuua mtoto.

Aliyepona leo apelekwe kwenye tiba

Mtu aliyewahi kuzidiwa yuko karibu zaidi na kuzidiwa tena, na siku mbili tatu baada ya kuokolewa huwa na hofu inayomfanya asikilize. Tiba ya methadoni ilianza kutolewa Zanzibar mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu, miaka minne baada ya hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam. Mgonjwa kwa kawaida hunywa kipimo chake mbele ya muuguzi kila siku, arosto ikakoma, na akaweza kufanya kazi na kulala nyumbani kwake. Wapo wanaosema hiyo ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine. Mimi sikubaliani nao; mtu anayekunywa dawa yenye kipimo kinachojulikana, mbele ya muuguzi, hafi gofuni kwa kete isiyojulikana, na tafiti za nchi nyingi zinaonesha kwamba vifo hupungua sana kwa wale wanaobaki katika tiba. Ramadhani ikikaribia, amuulize muuguzi mapema kuhusu saa za kunywa dawa badala ya kuikatisha kwa uamuzi wake.

Soba hausi zimewasaidia vijana wengi wa Unguja na Pemba tangu zilipoanza zaidi ya miaka kumi iliyopita, nyingi zikiendeshwa na watu waliopitia njia hiyo hiyo, na serikali nayo ina kituo chake cha marekebisho ya tabia Kidimni. Unapochagua nyumba, uliza jambo moja kabla ya bei: wanafanya nini siku mtu anapotoka? Nyumba inayomtoa mtu bila ya kumweleza kwamba mwili wake hauwezi tena kipimo cha zamani imeacha kazi yake nusu. Aliyeko Pemba aanze kwa kuuliza hospitali ya wilaya yake, apate barua na maelekezo kabla ya kuvuka bahari.

Na ikiwa hakurudi

Wapo ambao hawatarudi hata ufanye kila kitu sawa. Ikitokea, wawili kati ya wafiwa waende kwa daktari aandike sababu ya kweli ya kifo, kwa kuwa vifo vinavyoandikwa kama vya ghafla havihesabiwi, na visivyohesabiwa havitengewi dawa wala fedha. Aliyempulizia asiachwe peke yake siku hizo. Aambiwe, zaidi ya mara moja, kwamba aliyoyafanya ndiyo yaliyotakiwa. Kisha mtu mmoja ambaye wenzake marehemu wanamwamini aende maskani siku ile ile, kabla ya maziko, awaambie kwamba unga wa jana umemuua fulani, ulinunuliwa wapi na ulikuwa wa rangi gani, kwa sababu kete zilizotoka katika fungu lile huenda bado zimo mifukoni mwao.